Kome wa Mto Ruvuma: Shahidi asiyehama mto unapoharibiwa

UKIPITA katika mitaa inayojengwa pembezoni mwa Manispaa ya Songea, hutakosa kuona marundo ya mchanga yakiwasubiri mafundi. Mchanga wa mtoni ndio unaopendwa zaidi, kwa kuwa umeoshwa na maji kwa miaka mingi na hauna udongo mwingi. Ukilichunguza rundo la namna hiyo kwa makini, huenda ukaokota kipande cha gamba jembamba, cheusi au cha kahawia kwa nje, ambacho ndani yake kinameremeta kama lulu.

Fundi hukitupa kando kwa sababu kinamharibia lipu. Watoto hukichukua kuchezea kupikapika. Ukiuliza ni kitu gani, wengi watakujibu kuwa ni gamba la konokono, na mazungumzo yataishia hapo.

Hata hivyo, konokono hana gamba la namna hiyo. Gamba lile ni la kome wa maji baridi, mnyama anayeishi amejizika katika mchanga wa sakafu ya mto, na ambaye huenda alikuwa hai asubuhi ile koleo la kwanza lilipozamishwa majini. Kwa maneno mengine, lori lililoleta mchanga lilibeba nyumba pamoja na mwenye nyumba.

Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa mji unaokua na unaohitaji nyumba. Lakini Songea si mji wa kawaida kwa habari ya maji. Milima ya Matogoro, inayoonekana vizuri ukiwa mjini, ndiyo chimbuko la Mto Ruvuma, ambao kutoka hapo husafiri takriban kilomita 800, sehemu kubwa ya safari hiyo ukiwa mpaka wetu na Msumbiji, kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Mito ya Luhira na Luegu nayo huchimbuka katika milima hiyo hiyo. Mkoa wa Ruvuma kwa jumla hugawa maji yake katika mabonde matatu: bonde la Ruvuma lenyewe, bonde la Rufiji na bonde la Ziwa Nyasa. Kinachoharibiwa huku juu, wa chini hukipokea.

Kome ni ndugu wa chaza na kombe wanaofahamika kwa watu wa pwani. Mwili wake laini umefunikwa na magamba mawili yaliyounganishwa mgongoni kwa kitu kama bawaba ya mlango. Hana kichwa. Ana mguu mmoja wenye umbo la ulimi, anaoutumia kujichimbia mchangani na kujisogeza hatua chache tu, wakati mwingine mita moja au mbili, wakati mwingine hata asisogee kabisa. Upande wa nyuma, unaobaki ukichungulia juu ya mchanga, yapo matundu mawili: moja la kuingizia maji, la pili la kuyatolea.

Duniani zipo takriban spishi 900 za kome wa maji baridi wa kundi hili, na zile za Afrika kusini mwa Sahara hazifiki 100. Katika mito na maziwa ya mashariki na kusini mwa Afrika wanajulikana zaidi kome wa jenasi za Coelatura, Chambardia na Mutela. Wa kwanza ni wadogo na wanene, wa pili ni wakubwa wenye umbo la yai, na wa tatu ni warefu na wembamba. Ziwa Nyasa, ambalo sehemu ya ukanda wake wa mashariki imo katika mkoa huu, lina kome wake anayeitwa Mutela alata, aliyeelezwa kisayansi tangu mwaka 1864.

Majina yao yana historia inayovutia. Kome mmoja wa ukanda huu, Chambardia petersi, anakumbusha jina la Mjerumani Wilhelm Peters, aliyezunguka Msumbiji katika miaka ya 1840 akikusanya wanyama wa kila aina. Naye John Speke, alipofika Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton mwaka 1858, aliondoka na magamba machache mkobani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa London, S. P. Woodward, aliyaeleza kwa mara ya kwanza, na akampa kome mmoja jina la Speke na mwingine jina la Burton. Wasafiri hao wawili waligombana vibaya baadaye, lakini majina yao yanaendelea kukaa pamoja katika tope la ziwa moja.

Kabla ya kuendelea, ni vema kuondoa hofu moja. Ugonjwa wa kichocho, ambao ni tatizo la kweli katika sehemu nyingi za nchi yetu, huenezwa na konokono wa majini wenye gamba moja lililojiviringisha. Kome mwenye magamba mawili haenezi kichocho. Wapo watu wanaowakanyaga na kuwaponda kwa kudhani wanakinga familia zao, na hapo wanaua asiyehusika. Aidha, dawa zenye madini ya shaba ambazo zimewahi kutumika sehemu mbalimbali kuua konokono wa kichocho huwadhuru kome pia, pengine kuliko viumbe wengine wengi wa majini.

Kazi ya kome ni kuchuja. Maji huingia kupitia tundu la kwanza, hupita katika matamvua yake, na humo kome hunasa vijimea, bakteria na chembechembe za majani yaliyooza, kisha maji hutoka yakiwa safi zaidi. Kome mkubwa anaweza kuchuja zaidi ya lita kumi kwa siku moja. Kile asichokihitaji hukifunga kwa ute na kukitema juu ya mchanga, ambako wadudu wadogo wa majini hukila, na wadudu hao nao huliwa na samaki. Penye mamia ya kome katika kipande kimoja cha mto, kazi hiyo hufanyika usiku na mchana bila mtambo wala umeme.

Pamoja na hayo, si vizuri kumpa kome sifa asizostahili. Hawezi kuchukua nafasi ya mitambo ya kusafisha maji, na mto uliojaa tope hawezi kuusafisha. Yeye mwenyewe hufa humo. Thamani yake kubwa iko kwingine. Samaki maji yakichafuka hukimbia, na maji machafu yenyewe hupita yakaenda zake, kiasi kwamba mkaguzi anayefika kesho yake hukuta mto umetulia. Kome hana pa kukimbilia. Yupo pale pale miaka kumi, pengine zaidi, na gamba lake hukua kwa mistari inayofanana na ile ya shina la mti. Kipande cha mto chenye kome wazee, wa makamo na wachanga ni kipande ambacho kimekuwa salama kwa muda mrefu. Kikiwa na wazee peke yao, kuna jambo limeharibika miaka kadhaa iliyopita, hata kama leo maji yanaonekana kuwa meupe.

Kwa nini wachanga ndio hutoweka kwanza? Jibu limo katika uzazi wa kome, ambao ni mojawapo ya mambo ya ajabu zaidi katika viumbe wa majini.

Kome jike huyalea mayai yake ndani ya matamvua yake mwenyewe hadi yawe viluwiluwi. Kisha huwaachia majini, kwa maelfu au zaidi kwa mara moja. Viluwiluwi hao hawawezi kukua wenyewe. Ni lazima kila mmoja akutane na samaki, amng'ang'anie, na aishi mwilini mwake kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kudondoka na kuanza maisha yake mchangani. Asiyempata samaki hufa, na walio wengi hufa. Hata wanaompata, baadhi hukosea, kwa kuwa spishi nyingi za kome huhitaji samaki wa aina maalumu, na samaki mwingine huwakataa kama mwili unavyokataa mwiba.

Sehemu muhimu ya elimu hii ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwanasayansi Mwingereza Geoffrey Fryer, ambaye katikati ya miaka ya 1950 alichunguza samaki wa Ziwa Nyasa akiwa Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa kutoka Mbamba Bay yetu, baadaye alihamia Jinja nchini Uganda. Mwaka 1961 alichapisha maelezo kamili ya maisha ya kome aitwaye Mutela bourguignati. Aligundua kuwa kiluwiluwi wake, baada ya kumpata samaki wa jamii ya Barbus, hubadilika na kuotesha mirija miwili inayopenya katika mwili wa samaki huyo mithili ya mizizi, na kwa mirija hiyo hufyonza chakula. Kome mchanga huchipua nje ya ngozi ya samaki akiwa ameshikiliwa na kikonyo, na akipevuka hukatika na kuanguka. Ukiuona mchoro wa Fryer kwa mara ya kwanza utadhani ni mmea.

Safari hiyo ya mgongoni mwa samaki ndiyo usafiri pekee wa kome. Mnyama asiyeweza kutembea mita kumi huweza kupanda mto dhidi ya mkondo kilomita nyingi akiwa amebebwa. Ni dhahiri basi kwamba anayewaua samaki anawaua kome wa kesho, ingawa wa leo bado wamo mchangani. Uvuvi wa sumu, uwe wa utupa au wa viuatilifu vya shambani, na uvuvi wa kokoro na vyandarua unaozoa hata vifaranga vya samaki, unakatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Katika vijito vidogo ambavyo afisa uvuvi hafiki, katazo hilo hubaki katika karatasi.

Mbasa ni mfano mzuri wa kueleza jambo hili kwa watu wa mkoa huu. Kila msimu samaki huyo hutoka Ziwa Nyasa na kupanda Mto Ruhuhu kwenda kutaga, na wavuvi wanamfahamu kwa safari hiyo. Mto ukizibwa kwa nyavu kutoka ukingo hadi ukingo, au kwa ukuta wa bwawa usio na njia ya samaki, safari hukoma. Na kila kiumbe kilichotegemea kubebwa na samaki wanaopanda mto hubaki kimekwama chini ya kizuizi.

Turudi mchangani. Kome mchanga anapoanguka kutoka kwa samaki huwa mdogo kuliko punje ya ulezi. Hujizika katikati ya mchanga na changarawe, na kwa mwaka mmoja au zaidi haonekani kabisa juu. Huko chini anaishi kwa maji yanayopita katika nafasi ndogo zilizo kati ya punje na punje, maji yanayomletea oksijeni na chakula. Nafasi hizo ndizo maisha yake. Mvua ikishusha udongo mwekundu kutoka shambani, chembe za udongo huo huziba nafasi zile kama saruji inavyoziba matundu ya tofali. Kome mkubwa, ambaye mdomo wake uko juu ya mchanga, anaweza kuvumilia kwa muda. Mchanga wake chini hukosa hewa na kufa bila mtu yeyote kuona.

Ndiyo maana kome hawapatikani kila mahali. Katika chemchemi za Matogoro, ambako maji hushuka kwa kasi juu ya miamba, hawana pa kujishikiza. Huanza kupatikana pale kijito kinapotulia: upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, chini ya mizizi ya miti iliyoinamia maji, katika mchanga mgumu uliochanganyika na changarawe ambao haukusombwa na mafuriko ya mwaka jana wala ya mwaka juzi. Mchanga mwepesi unaohama kila masika hawaupendi. Tope jeusi linalonuka hawalipendi pia. Wanataka sakafu iliyotulia.

Bahati mbaya, mahali hapo hapo ndipo mchimba mchanga anapopapenda. Ukingo wa ndani wa kona hukusanya mchanga safi, na lori hufika kwa urahisi. Mchanga wa ujenzi ni madini ya ujenzi kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na uchimbaji wake unahitaji leseni. Lakini hata penye leseni, shimo lililochimbwa ndani ya mkondo huwa na athari isiyoishia hapo. Maji yakifika kwenye shimo hushuka kwa nguvu na kuanza kula sakafu kuelekea juu, kingo hubomoka, na mita nyingi za mto ambazo hakuna koleo lililozigusa hupoteza mchanga wake.

Huko Tunduru, zaidi ya kilomita 200 mashariki mwa Songea, hali hiyo imekuwapo kwa kiwango kikubwa zaidi. Tangu vito vya thamani vilipogunduliwa katika miaka ya 1990, maelfu ya wachimbaji wamefuata yakuti na vito vingine katika changarawe za Mto Muhuwesi na vijito vyake. Vito hivyo vililetwa na mito ya kale na kuzikwa katika tabaka la changarawe, na kwa kuwa ni vizito kuliko mchanga hukaa chini kabisa. Mchimbaji hana budi kulifukua tabaka lote, kulichekecha na kuliosha kwa maji mengi, na maji ya kuoshea hurudi mtoni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Muhuwesi humwaga maji yake Ruvuma.

Haitakuwa haki kumlaumu mchimbaji peke yake. Anachotafuta ni ada ya mtoto, na vito vya Tunduru vimevishwa vidoleni katika miji ambayo yeye hataiona. Lakini shimo lisilofukiwa na maji yasiyotuama bwawani kabla ya kurudishwa mtoni ni mambo yanayoweza kurekebishwa bila kumnyima mtu riziki yake. Dimbwi la kutuamisha tope, lililochimbwa kwa jembe kando ya mto, hugharimu siku chache za kazi.

Kuhusu mashamba, mkoa huu una somo la kuwafundisha wengine. Katika milima ya Mbinga, Wamatengo wamelima kwa mtindo wa ngoro kwa vizazi vingi. Mwishoni mwa masika majani hufyekwa na kupangwa mistari inayokatana kama miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika majani hayo. Mlima mzima hubaki na mashimo yaliyopangana kama masega ya nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Mvua inaponyesha, kila shimo hukamata maji yake na udongo wake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walifika kuuchunguza mtindo huu katika miaka ya 1990, na walikuta wazee wa Kimatengo wakiwa na majibu ya maswali mengi.

Wakulima wa ngoro walikusudia kulinda shamba. Matokeo yake ni kwamba kijito kilicho chini ya mlima wenye ngoro hupokea tope kidogo kuliko kijito kilicho chini ya mlima ulioachwa wazi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, shimo la ngoro limewasaidia kome wa Ruvuma kuliko kibao chochote cha "Usilime hapa" kilichosimikwa ukingoni.

Kahawa ya Mbinga, kwa upande mwingine, ina upande wake mchungu. Mitambo ya kumenya kahawa mbivu hutumia maji mengi, na maji yanayotoka humo huwa yamejaa sukari na utomvu wa maganda. Yakiingia kijitoni moja kwa moja, bakteria huyashambulia na kumaliza oksijeni yote. Samaki hukimbilia chini. Kome hufunga magamba yake na kusubiri, kwani ana uwezo wa kujifungia kwa muda. Lakini msimu wa kumenya huchukua wiki nyingi, na kusubiri kuna mwisho wake. Dawa yake inafahamika: kutumia maji yale yale zaidi ya mara moja, na kuyatuamisha katika mashimo mbali na kijito.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo inawahusu wakulima wa mahindi. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa zao hilo, na mbolea ya urea hutumika kwa wingi, hasa baada ya serikali kurejesha ruzuku ya mbolea mwaka 2022. Urea ikifika majini hubadilika kuwa amonia. Kome wachanga ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika haraka zaidi kwa amonia, kiasi kwamba mwaka 2013 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipunguza viwango vyake vya amonia vinavyoruhusiwa katika mito, na sababu kubwa ilikuwa ni matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa kome. Mbolea iliyomwagwa juu juu siku moja kabla ya mvua kubwa ni hasara kwa mkulima aliyeinunua na ni sumu kwa wa mtoni. Iliyofukiwa karibu na shina hubaki shambani.

Marekani yenyewe ilijifunza kwa gharama. Mwaka 1891 fundi mhamiaji kutoka Ujerumani, John Boepple, alianzisha karakana ya kutengeneza vifungo vya shati kwa magamba ya kome katika mji wa Muscatine, jimbo la Iowa, kando ya Mto Mississippi. Kufikia mwaka 1905 mji huo mmoja ulikuwa ukitoa vifungo bilioni 1.5 kwa mwaka. Kome waliisha mto baada ya mto. Baadaye kifungo cha plastiki kilikuja kuwapumzisha, lakini mabwawa na uchafu wa viwanda vilikuwa vimeshafika. Leo, katika spishi takriban 300 za Amerika Kaskazini, zaidi ya nusu zimo hatarini au zimekwisha kutoweka, na serikali hugharimia vituo ambako samaki huwekwa katika matangi pamoja na viluwiluwi ili kome wachanga wapatikane na kurudishwa mtoni. Ulaya nako wanafanya hivyo kwa kome wa lulu, ambaye katika mito ya baridi huishi zaidi ya miaka 100. Ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi, na hufanikiwa pale tu sakafu ya mto inaporekebishwa kwanza.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri uhifadhi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaziwezesha bodi za mabonde, ikiwamo ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, kulinda vyanzo na kutoa vibali vya matumizi ya maji. Mita 60 zimezungumzwa sana katika mikutano ya vijiji, na mara nyingi kwa ugomvi, kwa sababu shamba la bondeni ndilo linalotoa mboga wakati wa kiangazi. Lakini mjadala wetu umekuwa wa ukingo na wa maji. Sakafu ya mto, ile iliyo chini ya maji, haina msemaji. Mtu anayekata mti ukingoni huulizwa. Anayeondoka na tani kadhaa za sakafu huonekana kuwa amechukua kitu kisicho na mwenyewe.

Lingekuwa jambo la busara kwa halmashauri, zinapotenga maeneo ya kuchimba mchanga, kuanza kwa kuuliza swali moja rahisi: hapa pana kome? Penye kome wengi, hasa wa umri tofauti, lori lisiingie. Kona inayofuata ambayo mchanga wake huhama kila mwaka inaweza kutoa mchanga bila hasara kubwa. Mchanga wa nchi kavu, kwenye mabonde ya kale yaliyokwisha kuachwa na maji, ungepewa nafasi kwanza, japo unahitaji kuoshwa.

Swali hilo linahitaji watu wa kulijibu, na hapo hakuna haja ya kusubiri wageni. Tathmini ya viumbe wa maji baridi wa Afrika Mashariki iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, mwaka 2005 ilieleza wazi kuwa upungufu wa taarifa ni tatizo kubwa kwa moluska wa ukanda huu. Taarifa hizo za mwanzo zinaweza kukusanywa na wanafunzi wa sayansi wa shule za sekondari za Songea, au wa Chuo cha Ualimu Matogoro, ambao wanaishi hatua chache kutoka kwenye vijito vinavyohusika. Vifaa ni kamba, rula, daftari na ndoo yenye kitako cha kioo au plastiki angavu ya kuchungulia chini ya maji.

Namna ya kuhesabu si ngumu. Kamba hufungwa kuwa mraba wa mita moja, huwekwa juu ya mchanga katika maji yasiyozidi magoti, na mtu hupapasa taratibu kwa vidole. Mwenye jicho zuri huona kwanza matundu mawili madogo yaliyokaa pamoja, ambayo hufumba kivuli kikipita. Kila kome hupimwa urefu, huandikwa, na hurudishwa alipotolewa, upande wa mguu ukiwa chini. Akilazwa juu ya mchanga na kuachwa, mkondo humchukua. Magamba matupu yahesabiwe kando, maana yanasema waliokuwapo.

Tahadhari mbili ni muhimu. Ya kwanza ni kutowachanganya kome hawa na Corbicula, ndugu yao mdogo wa rangi ya njano au kahawia, mviringo, mwenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na mistari iliyoinuka juu ya gamba. Corbicula hahitaji samaki ili azaliane, hivyo wingi wake hausemi lolote kuhusu hali ya samaki. Ya pili ni mamba. Kazi hii ni ya vijito vya juu; huko chini, Ruvuma inapokuwa pana na tulivu, kupapasa mchanga kwa vidole si utafiti tena. Kwa maeneo hayo ipo njia mpya ya kuchota maji na kutafuta ndani yake vinasaba vilivyoachwa na kome, ambayo huhitaji maabara lakini haihitaji mtu kuingia mtoni.

Na anayefikiria kuwakaanga afahamu kwamba mnyama anayechuja maji hubakiza mwilini kile kilichomo majini, zikiwamo zebaki na metali nyingine, hasa chini ya machimbo.

Msimu mzuri wa kuhesabu ni Septemba na Oktoba, maji yanapokuwa machache na meupe. Mvua za mwisho wa mwaka zikishaanza, vijito hujaa na kazi husimama hadi kiangazi kinachofuata.